Mtu Huvuka Lango, Data Hubaki

Nikifika nyumbani Kabras, magharibi mwa Kenya, watu huniletea printa. Mwalimu mkuu ana moja inayomeza karatasi, jirani ana laptopu isiyowaka, kijana wa kibanda cha M-Pesa amesahau nywila yake. Wamesikia nafanya kazi ya kompyuta, na si uongo, ila printa sizijui hata kidogo. Mjomba wangu wa Chegulo, mkulima wa miwa tangu ujana wake, ndiye aliyewahi kuniuliza swali la maana. "Hebu niambie, mama, wewe ni mwalimu ama umeandikwa na kampuni?" Nikamjibu kwamba ni vyote viwili. Akanitazama kwa huruma. Kwake, mwenye waajiri wawili ni mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyemwamini vya kutosha.

Naitwa mwanasayansi wa data. Kazi yenyewe ni hii: unachukua rekodi nyingi za mambo yaliyokwisha kutokea, unatafuta ndani yake utaratibu unaojirudia, kisha unautumia kukadiria jambo ambalo bado halijafika. Benki inataka kujua nani atalipa mkopo. Hospitali inataka kujua dawa ya malaria itaisha lini ghalani. Hesabu hufanywa na kompyuta kwa programu iliyoandikwa na mtu, lakini sehemu kubwa ya siku haiendi kwenye hesabu. Inaenda kwenye kuuliza namba hii imetoka wapi, nani aliiandika, na alikuwa akiharakia nini wakati anaiandika.

Hapa kwetu mfano uko barabarani. Ukitoka Kakamega kwenda Webuye utapita Malava, na hutakosa kukutana na matrekta yanayovuta trela za miwa kuelekea West Kenya, kiwanda kinachotengeneza sukari ya Kabras, au kuelekea kiwanda kingine, Butali. (Nairobi wanatujua kwa mambo mawili tu: pakiti ya sukari, na timu ya raga iliyotwaa Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016.) Kila trela hupanda mizani. Uzito unaandikwa, mkulima anapewa risiti, na namba inaingia kwenye kompyuta ya kiwanda. Zikusanye namba hizo za miaka kumi, shamba kwa shamba, uziweke pamoja na mvua, aina ya mbegu na tarehe ya kupanda, nawe utaweza kukadiria vizuri tu kwamba msimu ujao kutakuwa na tani ngapi na miwa itakomaa lini.

Makadirio hayo si anasa. Muwa wa ukanda huu hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu ndipo ukomae. Ukikatwa mapema, sukari yake ni haba: kiwanda kinasaga maji, na mkulima anauza uzito ambao ungeongezeka kama angengoja. Julai 2023, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokuwa ikifika viwandani ilikuwa michanga. Julai 2025, Bodi ya Sukari ikasimamisha tena usagaji huku magharibi. Mara zote mbili wanasiasa walizungumza sana, lakini swali lililokuwa mezani lilikuwa langu na la wenzangu: miwa iliyokomaa ni kiasi gani, na iko wapi?

Jibu lipo. Limelala katika nyumba tatu zisizotembeleana. Uzito uko kiwandani. Picha za mashamba kutoka angani, pamoja na watu wenye muda wa kuzichambua, ziko vyuo vikuu. Na tarehe halisi ya kupanda, mbolea iliyotiwa na moto uliopita pembeni mwa shamba, hayo yako kichwani mwa mkulima. Ukitaka kuelewa maisha ya mtu wa kazi yangu, usimuulize analipwa na nani. Muulize ameruhusiwa kufungua faili gani.

Nilianzia upande wa chuo. Nilisomea takwimu Masinde Muliro, pale Kakamega, nikaendelea na uzamili na uzamifu, kisha nikaajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma. Uzuri wa chuo ni kwamba swali halina haraka. Unaweza kulibeba jambo miaka mitatu bila mtu kukuuliza limeingiza shilingi ngapi. Ubaya wake kila anayesoma magazeti anaujua: migomo ya wahadhiri ya 2017, 2018 na 2024, madarasa yaliyofurika, wahadhiri wa muda wanaosubiri malipo ya muhula mpaka muhula mwingine umalizike. Hayo nayapita upesi, kwani kilichonisukuma nje hakikuwa njaa peke yake.

Nilitaka kukadiria miwa ya Kabras kwa picha za setilaiti. Umoja wa Ulaya una setilaiti zinazoitwa Sentinel-2, na picha zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mbili zikifanya kazi pamoja, hupiga picha ya kila mahali kila baada ya siku tano, na katika picha hiyo kidoti kimoja, yaani pikseli, ni eneo la mita 10 kwa mita 10. Mmea wenye afya hurudisha mwanga kwa namna yake, hivyo kijani cha shamba kinaweza kupimwa kutoka juu na kufuatwa mwezi hadi mwezi.

Kwenye shamba kubwa la Brazili mbinu hiyo inakwenda vizuri. Sasa chukua shamba la mjomba. Ni nusu ekari, limerithiwa kwa kugawanywa, refu na jembamba kama mashamba mengi ya hapa: upana mita 20, urefu mita 100. Nusu ekari ni karibu pikseli 20. Upana wake ni pikseli mbili tu, na kwa kuwa mpaka wa shamba haukuchorwa kwa kufuata mistari ya setilaiti, vidoti vingi vimeshika miwa ya mjomba upande mmoja na mahindi ya jirani upande mwingine. Ongeza mawingu. Kakamega ni nchi ya mvua, na jua la asubuhi likishapita, wingu hutanda. Kuna miezi ambayo picha baada ya picha ni nyeupe tupu. Njia ipo: setilaiti za rada, Sentinel-1, huona kupitia wingu, na hesabu za kutenganisha pikseli iliyochanganyika zipo pia. Tulizitumia mimi na wanafunzi wangu, na matokeo yalipendeza.

Yalipendeza machoni tu. Ili kujua kama makadirio ni sahihi, lazima uyalinganishe na tani zilizopimwa kweli, na tani hizo ziko kwenye kompyuta ya kiwanda. Niliandika barua. Nilipiga simu. Katika ofisi moja nilipewa chai na maneno mazuri. Tukaishia kuchapisha makala inayosema kijani kinapanda na kushuka kwa utaratibu. Wakaguzi wa jarida waliipokea; mjomba, nilipomsimulia, alisema hata yeye huona miwa ikigeuka rangi.

Basi nikaenda mahali ambapo data ilikuwa imefunguliwa. Nairobi, kampuni moja ya mikopo ya simu ilikuwa ikitafuta watu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na huduma ya mikopo ya M-Shwari mwaka 2012, Wakenya wameacha alama za fedha kwenye simu zao kwa kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazikuwa nacho. Mtu anaomba mkopo. Ndani ya sekunde chache programu inatazama jinsi pesa zinavyoingia na kutoka, kama mikopo ya awali ililipwa kwa wakati, kisha inatoa alama. Alama ikivuka kiwango, pesa zinatumwa. Kazi yangu ilikuwa kujenga na kutunza kinachotoa alama hiyo, tunachokiita modeli.

Hapo nilijifunza nidhamu ambayo chuoni niliifundisha bila kuionja. Modeli ikifunzwa kwa data ya zamani, inaweza kufanana na mwanafunzi aliyekariri karatasi za mitihani ya miaka iliyopita: mpe swali aliloliona, anapata mia, geuza namba kidogo, anakodoa macho. Kwa sababu hiyo tunaficha sehemu ya data, modeli isiione kabisa wakati wa kufunzwa, ndipo tuipime kwayo. Chuoni ukipuuza hilo, mkaguzi wa makala hukukosoa baada ya miezi minane. Kwenye kampuni pesa hutoka siku hiyo hiyo kwenda kwa mtu asiyelipa, au mama mboga mwaminifu hunyimwa mtaji na hajui nani wa kumlalamikia. Jibu lilitakiwa Alhamisi. Jibu zuri zaidi la mwezi ujao halikuwa na mnunuzi.

Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa chuo, nisifiche. Lakini nilichokipenda zaidi ilikuwa ile hali ya kuuliza swali asubuhi na kupata data yake kabla ya chakula cha mchana. Nilichokikosa ni ruhusa ya kusema nilichokiona. Tuligundua mambo kuhusu jinsi watu wa mashambani wanavyokopa na kulipa kwa kufuata misimu ya mavuno, mambo ambayo mwanauchumi yeyote angeyafurahia, nayo yamebaki ndani ya ukuta ule mpaka leo. Nilipoondoka nilikabidhi laptopu na kitambulisho cha mlangoni. Mimi nilitoka, mambo yale hayakutoka.

Njia hii ya kuvuka huku na huku si yangu peke yangu. Mwaka 2013, IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi, ndani ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki: kampuni na chuo, lango moja. Juni 2015, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kiliandaa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa. Mmoja wa waanzilishi wake, Mwingereza Neil Lawrence, alikuwa profesa Sheffield. Mwaka uliofuata akajiunga na Amazon, na 2019 akarudi kuwa profesa, safari hii Cambridge. Mwenyeji wao, Ciira wa Maina, amebaki Dedan Kimathi, na ametatua tatizo la faili zilizofungwa kwa njia ninayoiheshimu sana: hakusubiri data ya mtu, aliitengeneza yake. Yeye na wanafunzi wake huunda vifaa vidogo vya bei nafuu vya kunasa sauti za ndege, na sauti hizo wamezifanya kuwa data ya utafiti.

Lakini nikitakiwa kutaja mfano mmoja, nitavuka mpaka hadi Uganda. Ernest Mwebaze alikuwa mhadhiri Makerere, akafanya kazi katika maabara ya Google iliyofunguliwa Accra mwaka 2019, kisha akarudi Kampala kuongoza shirika la Sunbird AI. Katika miaka ya Makerere, yeye na wenzake walishughulikia magonjwa ya mihogo. Picha za majani zilipigwa na wakulima kwa simu, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda wakakaa chini wakaziangalia, wakaandika jani hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili zima. Mwishoni mwa 2020, picha 21,367 za namna hiyo ziliwekwa wazi kwa mashindano ya kimataifa, na watu ambao hawajawahi kuuona mhogo ukiwa shambani, huko Tokyo na São Paulo, wakakesha wakifundisha kompyuta zao kutambua batobato la Uganda. Mtu alivuka, na data ikavuka. Ndiyo maana nautaja mfano huu: ni nadra.

Kwetu kilichovuka ni kingine. Ingia darasa lolote la data hapa Kenya, muulize mwanafunzi amejifunza kwa mfano gani. Atakutajia maua ya iris: maua 150 ya aina tatu, mengi yakiwa yalichumwa Quebec, Kanada, na vipimo vyake vikachapishwa na Ronald Fisher mwaka 1936. Au atakutajia abiria wa Titanic, meli iliyozama 1912, nani alikuwa daraja la kwanza na nani alikufa. Nimefundisha kwa maua hayo mwenyewe, kwa kuwa yako wazi, ni safi, na hayana mwenye kukataa. Ila kuna siku nilikuwa nikieleza urefu wa petali huku trela ikipita nje ya dirisha ikiangusha miwa barabarani, na nikatambua kwamba darasa zima lilijua vipimo vya ua la Kanada na hakuna aliyejua trela ile ina tani ngapi.

Nilirudi magharibi kwa mkataba wa muda na kiwanda kimoja cha ukanda wa sukari, huku nikifundisha mwisho wa juma. Hatimaye nikaiona ile safu ya namba niliyoililia miaka yote. Jambo la kwanza lililonigonga macho lilikuwa tarehe za kupanda. Mashamba mengi mno yalikuwa yamepandwa tarehe mosi. Mosi Machi, mosi Aprili, mosi Septemba. Hakuna mkulima anayepanda kwa kalenda namna hiyo. Hupanda mvua ikishika na trekta la kulima likipatikana. Nikamtafuta karani wa mashambani aliyejaza fomu, kijana mwerevu mwenye pikipiki na matope hadi magotini. Akacheka. "Madam, ile fomu haikubali kwenda mbele bila tarehe. Mzee akisema nilipanda Machi, mimi naandika mosi Machi." Kwa muwa unaokaa miezi 18, kukosea wiki mbili au tatu si kifo. Lakini modeli haijui kucheka na karani. Inaamini mosi ni mosi. Siku ile nilipata faida kubwa ya kuwa mtoto wa hapa kuliko ya shahada zote: nilijua pa kumpata karani, na alinieleza kwa lugha ya nyumbani bila kuogopa.

Kazi ile ilikwenda vizuri na siwezi kukuonyesha. Mkataba unakataza, na sababu yake naielewa. Viwanda vya hapa vimesongamana. West Kenya na Butali wamefikishana mahakamani miaka na miaka kwa mvutano wa leseni na maeneo ya miwa. Mahali ambapo viwanda viwili vinawinda muwa mmoja, kujua ni shamba gani litakomaa Agosti ni silaha. Hakuna meneja atakayeitoa silaha yake kwa mhadhiri akapambie makala, na kama ningekuwa meneja, nami nisingetoa. Wasomi wenzangu wanaolalamika kwamba kampuni ni wachoyo wangefaa kuliona hilo kwanza.

Ila uchoyo huo sasa umepata vazi jipya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukiomba rekodi, unaambiwa sheria hairuhusu kutoa taarifa za wakulima. Ni kweli hairuhusu kuzigawa ovyo, na kwa niliyoyaona kwenye mikopo ya simu, naishukuru. Lakini isome hadi mwisho. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye taarifa haki ya kuziona taarifa zake zinazoshikwa na mwingine, na haki ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Mwenye tani za mjomba si kiwanda peke yake. Ni mjomba pia.

Kwa hiyo tumeanza upande huo. Kikundi cha wakulima wa huku Malava wanakubali, mmoja mmoja na kwa sahihi, kutuletea risiti zao za mizani. Wanafunzi wangu huzipiga picha, huandika namba, hutembea na mkulima kuzunguka shamba wakichukua mipaka kwa simu, na kumuuliza alipanda lini hasa. Jibu huwa halina tarehe. Huwa ni "wiki ile ya mazishi ya chifu" au "shule zilikuwa zimefunga", nasi tunatafuta tarehe ya mazishi. Ni kazi ya polepole, risiti zingine wino umefutika, na idadi tuliyo nayo haitoshi kumtisha mtu yeyote. Stima ikipotea tunafunga laptopu tunapiga hadithi. Sheria ya Sukari ya 2024, inayotaka mkulima alipwe kwa kiwango cha sukari kilichomo ndani ya muwa badala ya uzito mtupu, imeongeza hamu yao, maana mkulima atahitaji namba yake mwenyewe ya kubishania.

Mkutano wa mwisho ulikwama kwenye kifungu kimoja cha makubaliano. Mama mmoja wa Samitsi, anayelima ekari mbili, alinyoosha mkono akauliza: makadirio yakitoka, nani atayaona kwanza, wao ama kiwanda? Nikamwambia kwa kawaida matokeo ya utafiti huchapishwa, kila mtu akayaona siku moja. Hakupenda. "Daktari, kiwanda kina watu wa kusoma hiyo karatasi siku ya kwanza. Sisi tutaisikia wakati trekta imefika." Wanafunzi wangu wawili wanashikilia kwamba kuwapa wakulima nafasi ya mbele kutaharibu utafiti. Wa tatu, aliyezaliwa huku, anasema wapewe mwezi mzima. Rasimu iko kwangu, na nafasi ya idadi ya siku nimeiacha wazi mpaka tukutane tena baada ya mavuno ya mahindi.